Kifaa kimekufa au kiko kwenye dilei? Angalia haya kabla hujaita fundi

Umeme ukirudi mtaani watoto wanashangilia, dakika mbili mbele simu za mafundi zinaanza kuita, fundi friji langu haliwaki, fundi AC inapuliza upepo tu, fundi pampu imegoma. Fundi mwenye roho nzuri atakwambia subiri kwanza, hiyo ina dilei. Mwingine atapanda bodaboda, atafika, atafungua mfuniko, atagusagusa waya, muda wa kifaa ukifika kitawaka chenyewe na we utatoa hela ya ufundi na ya nauli juu. Naumia sana nikiona hivyo, na naumia zaidi nikiona dilei yenyewe imeng'olewa eti inachelewesha, maana hapo ndo vitu vinapoanza kuungua kweli.

Tuelewane kwanza. Dilei ni ule muda ambao kifaa kimewekewa makusudi kikae kimya kabla hakijafanya kazi yake. Ipo dilei ya kuwaka, yaani umeme unaingia lakini kifaa kinahesabu kwanza ndo kinaruhusu, na ipo dilei ya kuzima, yaani ushazima lakini kitu kinaendelea kidogo ndo kinakata, kama taa ya ngazini. Kinachohesabu kinaweza kuwa saketi ndogo ndani ya bodi, kinaweza kuwa taima ya meno ya plastiki inayozunguka taratibu, au kipande cha chuma kinachopata joto kikajikunja. Fundi akisema "taima", "dilei" au "taima dilei" mara nyingi anaongelea kitu kilekile.

Kwa hiyo kitu kisipowaka jiulize: kinasubiri kama kilivyotengenezwa, kinasubiri bila mwisho, au hakisubiri kabisa? Hilo la mwisho ndo baya kuliko yote kwa sababu mwenye nyumba anaona raha tu, kitu kinawaka papo hapo.

Taa zimewaka, feni linazunguka, friji kimya

Hii ndo kesi ya kila siku Dar. Angalia frijigadi yako, kile kiboksi kati ya soketi na plagi ya friji. Nyingi zina taa za rangi, nyekundu maana yake umeme haufai, ya njano inasubiri, ya kijani imeruhusu. Kama ni njano tulia, kwa kawaida ni dakika 3 hadi 5 hivi. Hata umeme ukiwa umekatika kwa sababu LUKU imeisha, ukaingiza tokeni, ni hivyohivyo, frijigadi haijui kama ni mtaa mzima au ni we peke yako, ikikosa umeme na kuupata tena inaanza kuhesabu upya.

Kwa nini isubiri? Kompresa ikifanya kazi inakuwa imesukuma gesi, upande mmoja wa bomba presha kubwa, upande mwingine ndogo. Ikizima ghafla presha zile hazilingani hapohapo, gesi inapenya taratibu kwenye kale kabomba kembamba mpaka pande zote ziwe sawa, na inachukua dakika kadhaa. Ukiwasha kabla ya hapo mota inajaribu kuzunguka wakati presha inaikandamiza, ni kama kusukuma mlango ambao mtu kaushikilia kwa ndani, inashindwa kuzunguka na inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Juu ya hilo friji nyingi zina rilei ya kuanzishia, swichi ndogo inayosaidia mota ianze, pembeni ya kompresa, ambayo inapata moto kompresa inapofanya kazi, nayo inatakiwa ipoe ndo iweze kuanzisha tena. Kwa hiyo zile dakika tatu zinaokoa vitu viwili kwa mpigo.

Sasa kama zimepita dakika kumi na hamna kitu, usirukie kusema friji limekufa. Chomoa friji, kwenye frijigadi chomeka taa ya mezani au chaja ya simu, halafu subiri dakika tano kamili. Ikiwaka basi frijigadi ni nzima na tatizo liko kwenye friji. Isipowaka, chomeka taa hiyohiyo moja kwa moja kwenye soketi, ikiwaka huko basi frijigadi ndo mgonjwa, au imekataa umeme wenyewe.

Na kukataa umeme ni kitu kingine kabisa, watu wengi wanachanganya. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, frijigadi nyingi zinakata ukishuka kwenye 185 hivi au ukipanda kwenye 260 hivi (soma namba za yako pembeni au kwenye boksi, hazifanani zote). Saa moja usiku watu wamerudi, pasi, jagi la umeme, AC, pampu, kila mtu kawasha, nyumba zilizo mwisho wa laini zinabaki na umeme mdogo, taa nyekundu inakaa pale masaa. Hapo hakuna dilei ya kusubiri iishe, ni mpaka volti ipande. Ukiwa na multimita, kile kipima umeme, pima kwenye soketi saa hiyo halafu pima tena saa tisa usiku, utaona tofauti, na hizo namba mbili zitakusaidia sana ukienda kutoa taarifa kuliko kusema tu umeme wetu mbovu.

Friji linawaka sekunde chache, linazima, dakika tatu kimya, linawaka tena

Ukisikia mzunguko huu, yaani saa nzima linafanya hivyo, kaa hapo usikilize vizuri maana unakwambia kila kitu. Frijigadi inaona volti nzuri, inahesabu, inaruhusu, kompresa inavuta umeme mwingi wa kuanzia, volti inaporomoka palepale, frijigadi inaogopa inakata. Halafu kwa kuwa mzigo umeondoka volti inapanda tena, na mchezo unaanza upya. Dilei haina kosa hapo.

Mchawi mara nyingi ni waya. Ekstensheni nyembamba ya mita tano iliyokunjwa nyuma ya kabati, soketi iliyolegea, plagi isiyobana. Shika plagi baada ya friji kujaribu mara mbili tatu, ikiwa ya moto au plastiki imeanza kugeuka rangi ya chai umeshapata jibu. Toa ekstensheni, peleka friji kwenye soketi ya ukutani, badilisha soketi kama imeungua. Hali ikiendelea hivyohivyo pima volti wakati linajaribu kuwaka, na kama inashuka nyumba nzima (taa za vyumba vingine zinafifia pamoja nalo) basi tatizo liko kwenye waya unaoingia ndani au kwenye laini, sio kazi ya fundi friji.

Frijigadi inalia tik tik tik, au taa ya njano haiishi

Hii imechoka. Ndani ya nyingi ya hizi za bei nafuu hamna transfoma, kuna kapasita (kidude kinachotunza umeme kidogo) ya plastiki inayopunguza umeme mkubwa mpaka mdogo wa kuendeshea saketi, na miaka ikienda na umeme ukirukaruka ile kapasita inapungua uwezo kidogokidogo. Umeme mdogo wa ndani unakuwa hautoshi kushika rilei ya frijigadi, ile swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye friji, inashika inaachia inashika inaachia, ndo hiyo tik tik tik. Taa nazo zinafifia. Kapasita nyingine ile ya kuhesabia nayo ikichoka ndo dilei inakuwa fupi kuliko zamani au haiishi kabisa.

Pia usidharau sisimizi. Wanapenda kuingia kwenye rilei, wanabanwa katikati ya vile vidole vya shaba, umeme haupiti. Mijusi nayo, hasa kwenye bodi za AC za nje, inapanda juu ya bodi inapiga shoti, inakufa na bodi inakufa nayo.

Tafadhali usiifungue ikiwa kwenye umeme. Kwa vile haina transfoma bodi nzima ina umeme wa laini, hata sehemu zinazoonekana kama za betri ya redio zinaua. Mi kwa frijigadi ndogo ya nyumbani nashauri nunua nyingine tu, pale Kariakoo zimejaa, chagua iliyoandikwa ampia zinazotosha mzigo wako na iliyoandikwa dilei yake ni dakika ngapi. Na hapa kuna mtego, zipo gadi za tivii ambazo kwa nje zinafanana kabisa na ya friji ila dilei yake ni ya sekunde chache tu, muuzaji anaweza kukupa hiyo kwa haraka zake za biashara. Soma mwenyewe.

Linawaka palepale umeme ukirudi

Hii hakuna anayeilalamikia, na ndo inayoua kompresa nyingi. Dalili yake utaisikia sio kuiona: umeme unarudi, friji linanguruma nguuuu sekunde kadhaa, halafu "ta!", kimya. Baada ya muda tena nguuuu, ta! Ile "ta" ni ovalodi, kipande kidogo kilichobanwa kwenye kompresa, ndani kina chuma kinachojikunja kikipata joto, kinakata mota isiungue. Kinapoa, kinarudisha, mota inashindwa tena. Kila mara mota inapojaribu, waya za ndani ya kompresa zinapata joto kali na vanishi yake, ule mpako unaozuia waya zisigusane, inakaangwa. Itavumilia siku kadhaa, au miezi, halafu siku moja inapiga shoti na breka inashuka.

Sababu ni hizi, hamna frijigadi kabisa, au iliyopo ni ile ya tivii, au vidole vya rilei vimeungua vikashikana (hapo hata taa ya njano inawaka lakini umeme unapita tu), au mtu kaunga direkti. Kupima usitumie friji, tumia taa ya mezani: chomeka taa kwenye frijigadi, chomoa frijigadi ukutani, hesabu mpaka tano, rudisha. Taa ikiwaka papo hapo huna dilei.

Hilo la kuunga direkti naomba nilisemee. Kuna mama Mbagala anauza barafu za ukwaju na ubuyu, friza lake likawa linachelewa kuwaka umeme ukikatika, akaita fundi. Fundi kafungua kile kiboksi kaunganisha waya, kamwambia "mama sasa hivi halikusumbui tena". Na kweli halikumsumbua. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi mara nyingi kwa siku kipindi kile cha joto. Alipokuja fundi wa pili kompresa ilikuwa imeshaganda na waya zimeungua, mama akamuuliza, "baba, lakini yule si alilitengeneza?" Fundi wa pili hakusema sana, kamwonyesha ule waya uliounganishwa. Ukikuta fundi anataka kukutolea dilei muulize kitakachozuia kompresa isianze na presha ni nini badala yake. Asipokuwa na jibu mlipe nauli yake aende.

AC: ya ndani inapuliza, ya nje imelala

Sababu ni ileile ya presha, ila hapa dilei iko ndani ya bodi ya AC yenyewe, na kwa kawaida ni dakika 3 tangu kompresa iliposimama. Feni la ndani linafanya kazi, upepo wa kawaida, nje kimya. Wengi wanakosea hapa: wanaona hamna baridi wanazima na rimoti wanawasha, wanazima wanawasha. Acha kuzimazima. Weka alama ya theluji, weka digrii 22 au 24, kaa.

Dakika tano zimepita bado nje kimya? Hakikisha kwanza rimoti haijawekewa taima, ile alama ya saa kwenye kioo, mtoto akibonyeza AC itasubiri mpaka saa aliyoipanga yeye. Hakikisha digrii ulizoweka ziko chini ya joto la chumba. Angalia kama kuna taa inapepesa kwenye ya ndani, hesabu inapepesa mara ngapi umwambie fundi, inamwokolea muda. Feni la nje likizunguka na kompresa ikawa inanguruma bila kushika, mara nyingi ni kapasita ya kompresa. Nje kimya kabisa, fundi atazame waya za mawasiliano, kontakta (ile swichi kubwa inayowasha kompresa) na bodi. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi huko, chumvi inakula shaba ya bodi na viungio vinakuwa na unga wa kijani, kusafisha na kufunika bodi vizuri mara kwa mara ni nafuu kuliko kununua bodi.

Mkiwa na AC kubwa mbili tatu ofisini msisahau kwamba umeme ukirudi zote zinahesabu dakika zilezile na zinaweza kuamka pamoja, breka kuu ikashuka. Ukiona breka haishuki umeme unaporudi ila inashuka dakika tatu baadae, umeshajua ni nani.

Friji la nofrosti: juu barafu imejaa, chini kuna joto

Hapa kuna dilei ambayo wengi hawajui kama ipo. Friji za nofrosti, zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe, za zamani zina taima ya kuyeyushia barafu, kiboksi cheupe au cheusi cha plastiki, mara nyingi kiko nyuma karibu na kompresa au ndani karibu na kitufe cha baridi. Inaacha kompresa ifanye kazi masaa 6 hadi 8 hivi, halafu inaikata na kuwasha hita kwa dakika 20 au 30 ili barafu kwenye mapezi ya chuma yanayoleta baridi iyeyuke. Kwa hiyo friji la aina hii likikaa kimya nusu saa mara moja moja bila sababu, hilo ni zima.

Taima ikikwama ndo balaa. Ikikwamia upande wa kompresa, hita haiwaki, barafu inajaa mpaka inaziba njia ya upepo, friza lina baridi lakini chini maziwa yanachacha. Ikikwamia upande wa hita, kompresa haiwaki kabisa, taa ya ndani inawaka, na watu wanabadilisha kompresa nzima bure. Kuijaribu, chomoa friji ukutani, tafuta kale katundu chini ya taima ambako kuna kikorongo cha bisibisi bapa, ingiza, zungusha taratibu kwa mwelekeo wa saa. Utasikia inasogea laini laini, halafu "tak" moja kubwa, hapo imehama upande, chomeka ujaribu, kompresa ikiwa bado kimya chomoa, endelea kuzungusha mpaka "tak" nyingine. Chomeka tena. Kompresa iliyokuwa imekufa ikiwaka, taima ndo ilikuwa imekwama, badilisha taima, ni kitu kidogo. Kama haijawaka hata baada ya tak mbili ndo uanze kuwaza rilei, ovalodi na kompresa yenyewe. Friji za kisasa kazi hii inafanywa na bodi na sensa, hakuna cha kuzungusha.

Pampu na mashine za kusaga

Pampu ya kisima yenye kiboksi cha kinga: maji yakiisha chini inazima na kukaa kimya muda aliopanga fundi, inaweza kuwa nusu saa, ili kisima kijaze. Ukibonyeza kuanzisha kila dakika mbili unaipeleka kavu na unaichoma. Kama simtanki liko tupu na pampu imelala angalia floti kwanza, lile boya linalopanda na kushuka na maji, mara nyingi imenasa kwenye waya wake.

Kwa wenye mashine za kusaga, zile mota kubwa za fezi tatu kule Manzese na Tandale, kuna taima ndani ya kile kiboksi cha sta-delta. Mota inaanzia sta ili isivute umeme mwingi, nguvu yake ya kuzungusha hapo ni kama theluthi moja tu, halafu taima inaihamishia delta. Ukiweka taima fupi inahama mota bado ina mwendo mdogo, umeme unaruka, breka inashuka wakati ule ule wa kuhama. Ukiweka ndefu sana na mzigo upo, mota inaungulia kwenye sta. Sikiliza sauti: inapanda inapanda halafu inatulia, hapo inapotulia ndo mahali pa kuhama. Kwa nyingi ni sekunde chache tu. Na mashine iwashwe bila mahindi, mimina ikishashika mwendo.

Fyuzi inaungua kila ukiwasha, na kifaa ni kizima

Soma maandishi kwenye kofia ya chuma ya ile fyuzi ya kioo ya mwanzo. Ikiwa na T mbele ya namba, mfano T3.15A, hiyo ni ya kuchelewa, inavumilia umeme mwingi wa sekunde ya kwanza. F ni ya haraka. Ukitoa T ukaweka F ya ampia zilezile itaungua kila ukiwasha, na dukani watu wanatazama ampia tu. Usikimbilie kuongeza ampia, na usifunge waya wa shaba juu yake, tafuta T yenye namba ileile.

Vingine vya haraka

Mashine ya kufulia imemaliza na mlango haufunguki: subiri dakika moja au mbili, loki yake inatakiwa ipoe, usivute kwa nguvu utavunja kitasa. Kama haianzi na inaonyesha masaa, umebonyeza ile ya kuanza baadae.

Taa ya sensa nje haizimi, au inazima kabla hujafika mlangoni: chini yake kuna vitufe viwili vya kuzungusha, TIME ni muda, LUX ni giza. Watu wanazungusha LUX wakidhani ni muda, taa inaanza kuwaka mchana.

Ampu ya mziki, ukiwasha unasikia "tak" sekunde chache baadae ndo sauti inatoka, hiyo inalinda spika zisipigwe na ule mshtuko wa kuwasha. Isipolia "tak" kabisa usiunge spika direkti, inawezekana imegoma kwa sababu kuna umeme wa DC, kama wa betri, unaotoka kwenye transista zilizokufa na ukiunga utachoma koili za spika usiku huohuo.

Jenereta la otomatiki bado linanguruma wakati umeme umesharudi: linasubiri lihakikishe umeme umetulia ndo lihamishe, halafu linaendelea bila mzigo dakika kadhaa ili lipoe. Muulize aliyelifunga kaweka dakika ngapi kwenye kontrola, aziandike kwa maka pen kwenye mlango wa paneli, na mlinzi wa zamu naye aonyeshwe, kwa sababu yeye ndo anayekuwepo saa nane usiku na mkono wake ndo unaokwenda kwenye kile kitufe chekundu.